Fundi wa Nusu Bei

Jumatatu, 3 Machi

Mji mzima umevuliwa kofia. Dhoruba ya Alhamisi usiku imebeba mapaa mtaa kwa mtaa, nyumba zimebaki wazi kama masufuria.

Mimi ni fundi wa mapaa. Nisiwe mnafiki humu ndani ya shajara yangu mwenyewe: Ijumaa asubuhi niliposimama njiani nikaona kuta tupu kushoto na kulia, moyo uliruka kwa furaha. Nikaukanya. Nikavaa uso wa msiba. Nikawapa pole majirani wote, mmoja mmoja, huku nahesabu mabati yao kichwani.

Paa letu nalo limekwenda. Nusu tumeikuta kwenye uwanja wa shule, nusu nyingine haijaonekana. Mke wangu, mtoto wetu mchanga na mama mkwe, aliyekuja kumsaidia binti yake kulea, wanalala sebuleni chini ya turubai. Mimi nalala mlangoni, pale maji yanapoingilia. Si kwa ushujaa. Nimepangiwa.

Mke wangu ameniambia nianze na paa letu. Nikamweleza kwa upole kwamba mambo ya biashara hayaendi hivyo. Kwanza wateja, wakati bei imepanda. Halafu letu, kwa mabati mapya ya rangi, mpaka majirani waone wivu. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema redio imetangaza mvua kubwa katikati ya mwezi. Ikimkuta mtoto chini ya turubai, anafungasha na kurudi kwao, na mama yake, na mtoto. Akasema hanitishi, ananipa taarifa tu.

Nikamwambia katikati ya mwezi ni mbali sana.

Mchana gari la matangazo likapita na kipaza sauti. Amri mpya! Ni marufuku fundi yeyote kuwalangua waliopatwa na maafa. Kila fundi atatoza bei ileile aliyokuwa akitoza wiki ya kabla ya dhoruba, hata senti moja zaidi hapana. Atakayezidisha atafungiwa kazi wiki nzima.

Nikacheka. Bei yangu ya kabla ya dhoruba si mbaya, nikajisemea.

Halafu nikakumbuka ubao. Mungu wangu! Wiki mbili zilizopita nilitundika ubao njia panda, herufi kubwa nyekundu: FUNDI BINGWA, NUSU BEI. Nilitaka kumkomesha Pimamaji. Huyu ni fundi mwenzangu wa mtaa wa pili, anayepima kila kitu kwa pimamaji yake kama kimelala sawa, hata meza ya chai kabla ya kuweka kikombe. Nilipanga nimnyang'anye wateja mwezi mmoja, afunge virago, kisha nipandishe bei kwa raha zangu.

Nimekimbia kwenda kuung'oa ubao. Dhoruba iliyobeba mapaa ya mji mzima haikuugusa. Na mkaguzi wa bei alikuwa mbele yake, anaupiga picha.

Jumatano, 5 Machi

Foleni mlangoni kwangu tangu alfajiri. Imefika hadi kwa kinyozi. Mimi ndiye fundi wa bei rahisi kuliko wote katika mji usio na mapaa. Wananiita baba, wananiita mwokozi. Bibi mmoja amenibusu mkono. Nilitabasamu, meno yananiuma kwa hasira.

Pimamaji naye amefungiwa bei yake ya zamani, lakini yake ni bei kamili. Si haki! Mtu aliyekuwa ghali anazawadiwa, mimi niliyewahurumia wananchi naadhibiwa. Nilimwambia hivyo mkaguzi. Ni mtu mpole, anaongea taratibu kama daktari. Akasema anaelewa machungu yangu. Kisha akaniuliza kama ni kweli niliutundika ubao kwa ajili ya kuwahurumia wananchi. Nikabadilisha mazungumzo.

Jioni balaa lingine. Mrefu, saidia fundi wangu wa miaka yote, amekuja kuniaga. Paa haliezekwi na mtu mmoja: mmoja juu anapigilia, mwingine chini anainua bati na kulishikilia lisipeperuke. Mrefu anaenda ng'ambo ya daraja. Kule ni wilaya nyingine, dhoruba imewapiga vilevile, ila hawana amri ya bei. Kila alfajiri lori linasimama kwenye kituo cha mafuta, linawazoa vibarua. Nikamsihi. Nikamkumbusha undugu wetu. Akasema undugu upo palepale, lakini watoto wake hawajawahi kula undugu. Akaniomba nimlipe kama wanavyolipa ng'ambo. Nikapiga hesabu. Nikimlipa Mrefu anachotaka, kwa hii nusu bei yangu mimi ndiye nitakuwa namlipa mteja.

Mrefu kaenda. Mafundi watatu wa mtaa wa sokoni nao wamekwenda. Mke wangu ameuliza kuhusu paa letu. Nikamwambia nina mpango.

Bado sina. Lakini kesho nitakuwa nao.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango ninao! Wa kipekee kabisa. Sheria imefunga bei ya kazi. Haikusema neno juu ya ngazi.

Basi: kazi ya kuezeka, nusu bei, kama amri inavyotaka. Kukodi ngazi ya fundi, bei kamili pamoja na jasho lake. Ngazi yangu kwa sasa ni mali kuliko mimi mwenyewe.

Nilianza na mwalimu mstaafu wa nyuma ya zahanati. Nikamweleza habari ya ngazi kwa heshima zote. Akatikisa kichwa, akasema ni jambo la maana, vifaa vinachakaa. Nikaona nimempata. Akaingia ndani, akatoka na ngazi yake. Mpya! Ya chuma! Akasema atanikodisha mimi.

Nikaenda kwa mama mwenye duka la vitambaa. Huyu hana ngazi, nimemchunguza. Akakubali, akataka kwanza amuulize shemeji yake. Shemeji yake ni mkaguzi wa bei.

Mkaguzi hakunifokea. Ingekuwa nafuu angenifokea. Alinieleza polepole kwamba fundi wa paa bila ngazi ni mtu tu aliyesimama uani, kwa hiyo ngazi ni sehemu ya kazi. Akaniuliza kama misumari nayo nilipanga kuikodisha. Nikakana kwa sauti kubwa. Ilikuwa ya wiki ijayo.

Nimeezeka chumba kimoja leo, peke yangu, kama mwendawazimu: napanda, nashuka, nainua bati, napanda tena, bati linashuka lenyewe. Mwenye nyumba alinipigia makofi. Mgongo umekatika.

Mama mkwe amenikanda maji ya moto, kupitia kwa mke wangu. Mwenyewe alikaa chumba cha pili akitoa maelekezo. Tunaheshimiana sana mimi na mama mkwe. Tangu nimwoe binti yake hatujawahi kutazamana usoni zaidi ya kusalimiana.

Jumamosi, 8 Machi

Kwa nini niteseke? Daraja si lipo? Nimeamka alfajiri, nimepanda lori pamoja na vibarua. Mke wangu nimemwambia nakwenda kuangalia mbao.

Nilijiona njia nzima: fundi bingwa anashuka, ng'ambo nzima inamgombania, anataja bei, wanakubali, anataja nyingine.

Nimeshuka. Loo! Mafundi wote wa dunia wako pale. Waliotoka kwetu, waliotoka mbali kwa mabasi, wengine jana walikuwa wauza viatu. Kila mtu na nyundo yake mkononi. Mzee mmoja wa pale akaniambia Jumatatu bei ilikuwa inagusa mawingu, ndiyo maana wote tumekuja, na kwa kuwa wote tumekuja imeshuka mpaka pale ilipokuwa kabla ya dhoruba. Sasa wana mafundi kila kona, na mapaa yao yanakwisha. Anayetafutwa ni saidia fundi. Kila mtu amejifanya bingwa, hakuna wa kuinua bati.

Nikamkuta Mrefu. Amevaa kofia ya plastiki ya njano! Msimamizi! Ana watu wake. Alifurahi kweli kuniona, akanikumbatia. Akasema kwa heshima ya miaka yetu atanitafutia nafasi. Ya kuinua bati.

Nikamwambia sikuja kuvunjiwa heshima. Nikageuka kurudi. Lori hurudi jioni.

Nimeinua mabati mpaka jioni. Mrefu alinilipa vizuri, akaniambia niboreshe namna ya kushika pembeni. Simwambii mtu.

Mke wangu ameuliza mbao zikoje. Nikasema ziko ghali. Akanitazama mikono. Akaendelea kumnyonyesha mtoto.

Jumatatu, 10 Machi

Siku njema kabisa! Kuna Mungu.

Nilikuwa kwenye duka la vifaa nanunua misumari. Muuza duka ana mdomo usio na mlango. Akaniambia Pimamaji amechukua mabati ya nyumba nzima, na amewarudisha saidia fundi wawili kutoka ng'ambo. Nikauliza amewezaje, kwa bei ya amri. Akainamisha kichwa, akanong'ona: mteja wake ni mwanamke, ana haraka ya paa, ameongeza kitu juu ya bei ili vibarua walipwe kama wanavyolipwa ng'ambo. Kesho asubuhi anaanza.

Juu ya bei! Pimamaji! Yule mtakatifu anayepima meza!

Sikununua hata misumari. Nimekwenda moja kwa moja ofisini kwa mkaguzi. Akaniuliza huyo mteja ni nani. Nikasema simjui jina, ni mama fulani tu wa hapahapa, mume wake hana habari. Nikaongeza kwamba wanaume wa siku hizi wanasikitisha. Mtu mzima, mke wake anaita fundi, anatoa fedha, anaezekewa nyumba, yeye yuko wapi? Anazurura! Hajui kinachoendelea chini ya paa lake mwenyewe! Mkaguzi akasema pengine huyo mume hana paa. Tukacheka sana.

Aliniahidi kesho atamfuata Pimamaji kazini kimyakimya, amkute hukohuko. Nikamwomba jina langu lisitajwe. Mimi si mtu wa kusaka sifa.

Nimerudi nyumbani naimba. Mke wangu naye alikuwa mchangamfu, jambo la nadra wiki hii. Akaniuliza kama kesho nitashinda kazini. Nikasema nitashinda. Akasema vizuri sana.

Jumanne, 11 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mchana niliacha paa la mwalimu mstaafu kwa sababu upepo ulianza. Nikakata kona ya mtaa wetu, nikaona nyumba ina nusu paa. Paa zuri! Mistari imenyooka. Nikasema moyoni, huyu jirani kapata fundi. Nikapiga hatua nyingine. Mlango ule naujua. Ndoo ile naijua. Mama mkwe yule, namjua.

Pimamaji alikuwa juu ya nyumba yangu. Saidia fundi wawili chini. Na mkaguzi kasimama uani na mke wangu, mtoto kalala begani.

Nilitamani nirudi nyuma, lakini nilishaonekana.

Mke wangu alikuwa anamweleza mkaguzi bila kuficha. Kwamba Pimamaji alimwambia ukweli tangu mwanzo: kwa bei ya amri hapati mtu wa kuinua bati. Kwamba hakulanguliwa, ameongeza mwenyewe, kwa hiari yake, akauza cherehani ili mtoto asilowe. Cherehani! Nilidhani jirani ameiazima. Akauliza sheria inamlinda nani hapo. Mkaguzi akasema anaona uchungu wake, lakini amri haina mlango wa pembeni. Ameletewa taarifa, lazima aitekeleze. Pimamaji hatashika nyundo wiki nzima.

Kisha akageuka, akaniona. Uso ukamng'aa. Akaninyooshea mkono mbele ya watu wote, akasema asante sana fundi kwa taarifa yako ya jana.

Nimewahi kuanguka kutoka kwenye mapaa matatu. Yote yalikuwa laini kuliko hapo.

Pimamaji akashuka. Akafuta nyundo yake kwa kitambaa. Akapanda tena kidogo, akapima bati la mwisho, akaridhika, akashuka. Akamwambia mke wangu pole shemeji. Mimi alinipita kama nguzo. Vibarua wake wakauliza lori la ng'ambo linaondoka saa ngapi.

Mke wangu hakupiga kelele. Alinitolea uvivu kwa sauti ya chini, akimtikisatikisa mtoto. Akasema tangu anioe, maana ni yeye aliyenioa, nimepanda mapaa ya mji mzima isipokuwa lake. Akasema angeweza kuvumilia mume mjinga, au mume mjanja, lakini mume anayeumia ili mwenzake aumie zaidi hajui amweke kabati gani. Akaingia ndani. Nikasikia zipu ya begi.

Nimekaa kwenye ndoo mpaka jioni. Niliona aibu. Naandika wazi: niliona aibu, na niliogopa.

Alhamisi, 13 Machi

Jana nimezunguka mji mzima kutafuta mtu wa kuinua bati. Hakuna. Nimemwomba kinyozi. Nimemwomba mwalimu mstaafu, akanionyesha goti lake. Nimesimama kwenye kituo cha mafuta alfajiri nikawaahidi vibarua mara mbili ya ng'ambo, nitawalipa nikishapata. Wamecheka mpaka wakakaa chini.

Leo asubuhi wingu jeusi. Begi la mke wangu mlangoni, la mama mkwe pembeni yake. Basi ni la jioni. Mtoto amevalishwa sweta mbili. Niliegemeza ngazi ukutani, nikachukua bati, nikapanda nalo. Likanipiga kichwani. Nikapanda tena. Upepo ukalichukua, likaenda kutua kwa jirani. Nikalifuata. Nikapanda tena.

Nikasikia sauti chini inasema hivyo sivyo.

Mama mkwe! Amejifunga kiunoni, amevua viatu, amekamata bati kwa pembeni, palepale Mrefu aliponionyesha mimi. Nikasema hapana mama, haiwezekani, mimi niwe juu wewe uwe chini, nimevaa kaptula, ni aibu gani hii! Akasema bila kuinua macho kwamba aibu niliimaliza yote Jumanne, iliyobaki ni kazi. Akasema nitazame msumari.

Nikatazama msumari. Bati lilipanda lenyewe mpaka mikononi mwangu. La pili. La tatu. Wallahi, sijawahi kupata saidia fundi kama huyu! Hatetereki, hasogoi, hadai chai. Nikidondosha msumari anaudaka. Mkaguzi akapita, akasimama, akauliza kazi hii inatozwa bei gani. Nikasema bure. Akatoa kalamu aiandike hiyo bei. Nikamwambia sikusema kitu.

Mvua ilianza tukiwa tumebakiza kofia ya paa, lile bati la juu kabisa linalofunga mgongo. Matone makubwa, kisha yote. Mke wangu alitoka mwenyewe, akamwachia mtoto mwalimu mstaafu aliyekuja kuangalia, akashika ngazi kwa mikono miwili. Sikuona kitu kwa maji. Nilikuwa napiga nyundo kwa kusikiliza. Mama mkwe anapiga kelele kushoto, kulia, hapo!

Nikapiga wa mwisho. Nikashuka.

Tuliingia ndani, tukasimama sebuleni tunatazama juu kama watalii. Mvua ilinguruma kwenye mabati kiasi kwamba hatukuweza kusikilizana. Hakuna tone. Mtoto alikuwa amelala, mkavu, mdomo wazi. Mke wangu akalifungua begi, akaanza kutoa nguo moja moja, akizirudisha kabatini. Hakunitazama. Nililia kidogo. Nikasingizia mvua.

Jumapili, 16 Machi

Amani. Mvua ya siku tatu, sisi wakavu. Mke wangu ameanza kuniambia maneno mawili matatu, mengine ya adabu. Pimamaji amepita, akasimama njiani na kile kifaa chake, akafunga jicho moja, akasema upande wangu umepinda kidole kimoja. Nikamwambia upande wangu umeezekwa na familia.

Na hapo ndipo wazo lilipokuja! Nilikuwa nimelala chali natazama mabati, nikaketi ghafla. Tatizo la mji huu ni nini? Mafundi hatuna watu wa kuinua bati, kwa sababu vibarua wanakwenda kunakolipa, na bei ya amri haitoshi kuwazuia. Wote wanahangaika na hilo, mkaguzi, Pimamaji, wilaya nzima. Mimi peke yangu nina jibu, nalo limelala chumba cha pili.

Mama mkwe halipwi! Ni ndugu! Ananisaidia kwa mapenzi! Kwa saidia fundi wa bure hata nusu bei ni utajiri. Nitamaliza foleni yote, nitachukua na wateja wa Pimamaji, na kifungo chake kikiisha Jumanne hatakuta hata banda la kuku la kuezeka. Nimeshatoka mchana huuhuu nimewaahidi watu watano kwamba kesho alfajiri tunaanza. Malipo nimepokea kabisa, nimenunua mabati.

Mwenyewe sijamwambia. Nitamwambia asubuhi, kwa heshima, akishakunywa chai. Najua atafurahi. Kazi ameipenda, inaonekana machoni.

Na si mimi tu niliyeona kipaji chake. Mrefu alikuja kutusalimia leo jioni na ile kofia yake ya njano. Alikaa uani na mama mkwe muda mrefu, wananong'ona na kucheka. Namshukuru Mrefu, amenisaidia kumchangamsha. Wakati anaaga, mama mkwe alimuuliza lori linasimama upande gani wa kituo cha mafuta, na kama kofia za njano zipo za kichwa kidogo. Wazee wana maswali ya ajabu.

Sasa hivi namsikia anapanga vitu vyake, ameshaweka viatu vya kazi mlangoni, na amemwomba binti yake amwamshe kabla ya alfajiri. Hata sijamwambia! Huyo ndiye mfanyakazi.